UZI: Maneno ya Kiingereza tunayoyatumia ndivyo sivyo huku mwisho wa reli, na jinsi maana zake zinavyohama

#1 mchapaji_mwanga

Habari za jioni wakuu. Nina stesheneri hapa Mwanga, Kigoma mjini. Kalamu na madaftari ni nyongeza tu. Kinachonilisha ni kuchapa barua za kazi, CV, maombi ya ufadhili na mikataba ya watu kukopeshana. Wanaokuja ni Waha, Wamanyema, Wabembe, Warundi, Wakongo waliokulia kambi ya Nyarugusu, na vijana waliotoka vyuoni wanaozungukia mashirika ya Kasulu na Kibondo. Barua karibu zote zinatakiwa kwa Kiingereza, na maneno yanayowaponza ni yale yale. Nimeona tuyajadili, maana mtu anaweza kukosa kazi anayoiweza kwa sababu ya neno moja.

Niseme mapema: atakayekuja hapa kucheka watu hatutaelewana. Mkoa wetu una jambo ambalo Dar hawana. Kiingereza kinatufikia kutoka upande wa reli, Kifaransa kinatufikia kutoka upande wa ziwa na Manyovu, halafu vyote viwili vinakutana kwenye karatasi moja. Aliyesoma Bujumbura au Uvira anapokosea Kiingereza, mara nyingi ameandika Kifaransa safi kwa herufi za Kiingereza.

Chukua "demand". Mtu anaandika "I demand a job as a driver". Kichwani mwake kuna "demander", ambalo kwa Kifaransa ni kuomba au kuuliza, neno la adabu kabisa. Anayeisoma ofisini anaona mtu anadai kazi kama anayedai deni. Barua inawekwa pembeni kabla hata leseni haijaangaliwa. Na neno lenyewe Waingereza walilichukua huko huko kwa Wafaransa. Wanormani waliiteka Uingereza mwaka 1066, na kwa karne nyingi mahakama zao ziliendeshwa kwa Kifaransa, hadi sheria ya mwaka 1362 ilipoamuru kesi zizungumzwe kwa Kiingereza. Mahakamani mtu haombi, anadai haki yake. Ndiko "demand" lilikopata ukali, na ukali huo ukabaki nalo hata lilipotoka mahakamani kwenda mitaani. Ufaransani likabaki na upole wake.

Linaloniuma zaidi ni "passed". Kuna kijana fundi umeme, mpole, kazi yake naijua kwa macho. CV yake ilisema "I passed the State Exam" na mwaka. Kwenye usaili akaulizwa cheti cha mwaka huo, akajibu kwa uaminifu kwamba mwaka ule hakufaulu, alirudia mwaka uliofuata. Wakamwona mwongo. Alinirudia na karatasi ile, neno limezungushiwa kalamu nyekundu mara mbili, anauliza kosa liko wapi. Kwa Kifaransa "passer un examen" ni kufanya mtihani, kuukalia tu. Kufaulu ni "réussir". Kijana aliandika ukweli mtupu, na ukweli ukasomeka kama uongo. Hakuna aliyemuuliza swali la pili.

Mengine ya ukoo huo nayapitia haraka. "I made a stage of three months": alifanya mafunzo kwa vitendo, lakini msomaji anaona jukwaa. "I was professor in secondary school": kwa Kifaransa mwalimu wa sekondari anaitwa "professeur", kwa Kiingereza cha huku "professor" ni wa chuo kikuu, kwa hiyo unaonekana umejipandisha cheo. "Actually I work in Uvinza": alitaka kusema kwa sasa, "actuellement", ikasomeka "kusema kweli nafanya kazi Uvinza", utadhani kuna aliyebisha.

Sasa, ninachokisema ni hiki, na ndicho nataka tukijadili. Hakuna neno lililozaliwa na maana yake ikabaki hapo hapo. "Nice" limetoka kwenye Kilatini "nescius", yaani asiyejua, na lilipoingia Kiingereza zama za kati lilimaanisha mjinga. "Silly" nalo lilianza kama mwenye heri, aliyebarikiwa. Likasogea hadi asiye na hatia, kisha wa kuhurumiwa, kisha dhaifu, mwisho mpumbavu. Yamepishana njiani, moja likipanda na jingine likishuka. "Girl" aliwahi kuwa mtoto wa jinsia yoyote. "Meat" kilikuwa chakula chochote. Waliokuwa wa kwanza kuyasogeza bila shaka walionekana wanakosea. Kwa hiyo kosa la leo linaweza kuwa sahihi kesho kutwa, wengi wakilishikilia. Ila barua yako inasomwa leo, na anayeisoma anatumia maana ya leo. Ndiyo sababu mteja wangu nikimrekebisha, namweleza pia kwamba neno lake lina kwao.

Karibuni.

#2 ticha_kasulu

Mkuu, uzi mzuri lakini kuna hatari. Nafundisha Kiingereza sekondari. Nikiwaambia wanafunzi wangu kwamba maana zinahama, kesho ataniandikia "borrow me your pen" na kuniambia Mwalimu, lugha inakua. Msahihishaji wa NECTA hasomi historia ya neno, anaweka mkasi. Mimi nasimama na kamusi: kilichomo ni sahihi, kisichomo ni kosa.

Na si Kifaransa peke yake kinachotuharibia. Kiswahili chetu chenyewe kinaingia. "Use tea" kwa sababu tunatumia chai. "I hear a bad smell" kwa sababu tunasikia harufu. "Sorry" kwa mtu aliyejikwaa, wakati hukumkwaza wewe. Mzungu mmoja wa mradi alishangaa kila akidondosha kitu watu wanamwomba radhi.

#3 dagaa_kibirizi

Mimi ni mzaliwa wa Uvira, nimekulia hapa, nauza dagaa na migebuka Kibirizi. Naunga mkono kabisa la "passed". Kaka yangu limemkuta, japo yeye walimsikiliza.

Ongeza "library". Kwa Kifaransa "librairie" ni duka la vitabu. Nilipofika mjini nikaona jengo limeandikwa library, nikaingia na hela mkononi kununua daftari. Mama wa pale alinielewesha taratibu bila kunicheka. Mpaka leo namwamkia nikimwona.

Na msiende duka la chakula kumuuliza Mkongo kama juisi ina "preservative". Kwake neno hilo linafanana na jina la kondomu.

#4 mchapaji_mwanga

Dagaa_kibirizi, asante ndugu yangu. Kwenye "library" ujue waliohama ni Wafaransa. Zamani "librairie" kwao lilikuwa maktaba vile vile. Montaigne, mwandishi wao wa karne ya 16, chumba chake cha vitabu alikiita hivyo. Baadaye neno likahamia dukani, na maktaba wakaiachia "bibliothèque". Waingereza walilichukua mapema na kulishika lilivyokuwa. Kwa hiyo aliyekosea mlangoni pale alibeba maana mpya ya neno, na kibao kilibeba ya zamani.

Mwalimu, hoja yako ni nzito, nami sipingi mtihani. Mtihani una masharti yake kama barua ya kazi ilivyo na yake. Ila kuhusu kamusi tusidanganyane. Wafaransa wana Académie française tangu mwaka 1635, chombo kilichopewa kazi ya kuiangalia lugha yao. Sisi tuna BAKITA tangu 1967. Waingereza hawana chombo cha namna hiyo. Samuel Johnson alipotoa kamusi yake kubwa mwaka 1755, alieleza kwenye dibaji kwamba aliianza akitumaini kuituliza lugha isiyumbe, akaimaliza ameona haiwezekani. Waandaaji wa kamusi wa siku hizi wanafuata wanenaji, wanaandika walichokikuta. Ndiyo maana ukilitafuta "literally" utakuta pia ile maana ya kutilia mkazo tu, ambayo walimu wanaichukia. Charles Dickens aliitumia hivyo karne ya 19. Je, tumwekee mkasi?

Tazama na "disinterested". Kwenye barua za kamati na mabaraza neno hili linahitajika sana, kwa maana ya mtu asiye na maslahi binafsi, asiyeegemea upande. Wengi wanaliandika wakimaanisha asiyevutiwa, wakati hilo ni "uninterested". Lakini ukirudi karne ya 17 unayakuta yamekaa kinyume: "disinterested" lilitumika kwa asiyevutiwa, na "uninterested" kwa asiyeegemea upande. Yalibadilishana viti. Leo watu wanaanza kuyarudisha yalikotoka bila kujua, na wanaitwa wajinga. Mteja akitaka kusema mjumbe hana upande, namwandikia "impartial" na mjadala unaisha.

Na "sorry", Mwalimu, hapa nakubishia moja kwa moja. Neno hilo kwa Kiingereza cha kale ni "sarig", limetokana na "sar", maumivu. Mwenye kulisema alikuwa anasema ana uchungu. Kuomba radhi kumekuja juu ya hapo. Hata leo Mwingereza akifiwa jirani yake anamwambia "I'm sorry", na hakuna anayedhani yeye ndiye aliyeua. Mtu wetu anayesema "sorry" kwa aliyejikwaa anasema pole, na amelikuta neno karibu na shina lake. Mwache aseme. Kwenye mtihani haliingii, na kwenye maisha linamfariji mtu.

#5 kiongozi_ujiji

Nawasalimu kutoka Ujiji. Natembeza wageni pale kwenye makumbusho ya Livingstone, chini ya miembe. Nashangaa mmefika posti ya nne bila kulitaja neno la Kiingereza maarufu kuliko yote yaliyowahi kutamkwa mkoa huu: "presume".

Stanley alifika Ujiji Novemba 1871 na salamu aliyoiandika baadaye kila mtu anaijua, "Dr Livingstone, I presume?" Wageni wengi, hata wenyewe wanaozungumza Kiingereza toka utotoni, wananiambia ni sawa na "I assume". Si sawa. "Assume" unalichukua jambo kuwa kweli bila ya ushahidi, ili uendelee. "Presume" unalichukua kuwa kweli kwa sababu dalili zipo, mpaka atokee wa kukukanusha. Hilo la "mpaka atokee wa kukukanusha" ndilo unalolisikia mahakamani, mtuhumiwa anapoitwa "presumed innocent". Sasa fikiria yule mgeni: katika watu wote waliojaa pale, mwenye sura ya Kizungu ni mmoja tu, mzee mwenye mvi. Dalili zote zilikuwepo. Neno alilolichagua ndilo lenyewe. Kuna na upande wa adabu ndani yake, kana kwamba unasema "kama sijakosea, naomba kukufahamu".

La pili ni letu, na linanikera kwa namna yake: "safari". Burton na Speke walipita Tabora, wakafika Ujiji Februari 1858, na Burton ni miongoni mwa Wazungu wa mwanzo kuliandika neno hilo kwenye maandishi ya Kiingereza. Wakati ule alimaanisha kile tulichomaanisha sisi: msafara wa watu na mizigo, kutoka huku hadi pwani. Baadaye likawa la wawindaji, halafu la watalii wenye kamera. Sasa mgeni ananiuliza, "Is there a safari in Kigoma?" Nikimwambia hata mama anayekwenda Kasulu kumwona mwanawe yuko safarini, hanielewi. Kwake kama hakuna mnyama hakuna safari. Na juzi kijana wa kwetu kaandika kwenye tangazo lake "boti na safari", yaani boti ni kitu kimoja na kwenda kuwaona sokwe wa Gombe ni kingine! Neno limekwenda Ulaya, limerudi limevaa nguo za wenyewe, nasi tumelipokea hivyo hivyo.

#6 ticha_kasulu

Kiongozi_ujiji, hiyo ya "presume" naiingiza darasani kesho, mfano uko mlangoni petu. Mchapaji, kwa "sorry" nimekuelewa. Kwa "borrow me" sijalegea.

#7 mchapaji_mwanga

Usilegee Mwalimu, na mimi siliandiki. Kiswahili kinatupa "azima" upande mmoja na "azimisha" upande wa pili, hivyo mwanafunzi anatafuta mzizi mmoja kwa kazi mbili. Mwonyeshe hapo tu, atashika.

#8 mstaafu_tabora

Wanangu, mimi ni mwalimu mstaafu, niko Tabora. Nawasoma kwa furaha.

Tabora ina sababu yake ya kuupenda mjadala huu. Mwalimu Nyerere alisoma hapa, Tabora School, kisha akarudi kufundisha St. Mary's. Baadaye akaitafsiri tamthilia ya Shakespeare, Julius Caesar, ikatoka kwa Kiswahili mwaka 1963. Mnaojaribu kutafsiri mnajua mitego yake. Mle ndani Kaizari anamwambia mtu "be not fond". Kijana wa leo ataliona "fond" akatafsiri "usipende". Wakati wa Shakespeare "fond" lilikuwa mpumbavu. Anaambiwa asiwe mjinga wa kudhani Kaizari anabadilishwa kwa maneno matamu. Upumbavu huo baadaye ukawa ule wa mtu aliyependa hadi akapoteza akili, na mwisho kikabaki kupenda peke yake. Kuna na "wherefore". Watu wanadhani ni "where", wanatafuta mtu yuko wapi. Ni "kwa nini".

Nilikuwa nikiwaambia wanafunzi wangu: kabla hujalitafsiri neno la zamani, uliza limeandikwa lini. Tarehe kwanza, kamusi baadaye. Wachapaji na wasomaji wa mikataba nao wangefaidika na hilo, maana sheria huhifadhi maneno ya zamani kuliko vitabu vya hadithi.

#9 mama_uvinza

Shikamoo mzee wetu wa Tabora, na habari zenu wote. Naomba nisaidiwe, si mjadala kwangu, ni jambo la kweli. Kikundi chetu cha akina mama tunachukua mkopo. Mkataba ni wa Kiingereza. Kuna mahali sisi wadhamini tumeandikiwa "jointly and severally liable". Binti yangu kasoma, kaniambia "severally" ni mara kwa mara, kwamba tutakumbushwa mara kwa mara. Tunasaini Jumatatu. Ni hivyo?

#10 mstaafu_tabora

Marahaba mwanangu. Usisaini kwanza. Mchapaji, mweleze vizuri, wewe ndiye unaishi na mikataba.

#11 mchapaji_mwanga

Dada yangu, umefanya vyema kuuliza. Bintiyo hakubahatisha, Afrika Mashariki nzima watu wanaandika "I have called you severally" wakimaanisha nimekupigia mara kadhaa. Anaisikia kila siku. Lakini kwenye mkataba neno hilo halina habari ya mara kwa mara.

Mzee wa Tabora kalisema: sheria hushika ya zamani. "Several" lilianza kwa maana ya kilichotengwa, kimoja kimoja peke yake. Likaja kuwa "mbalimbali", na mwisho kwa watu wa kawaida likawa "kadhaa". Mahakamani halikufuata. Huko "severally" bado ni kila mmoja peke yake.

Sasa sikiliza vizuri kwa sababu tofauti ni pesa. Wangeandika "severally" bila ya neno jingine, kila mdhamini angebeba fungu lake tu. Wakiandika "jointly and severally", mnabeba deni kwa pamoja, na vile vile kila mmoja wenu analibeba lote peke yake. Chukua mfano tu, mkopo ni milioni 6 na wadhamini ni 6. Wenzako watano wakishindwa au wakihama, mkopeshaji ana haki ya kukufuata wewe kwa milioni 6 zote. Halazimiki kuwatafuta wengine kwanza. Ukishalipa, kuwadai wenzako mafungu yao ni kazi yako wewe.

Sisemi ni wizi. Ni masharti ya kawaida ya mikopo ya vikundi, na yapo kwa Kiswahili pia, "kwa pamoja na kila mmoja peke yake". Ila lazima kila mama ayajue kabla ya kuweka kidole gumba. Fanyeni hivi. Ombeni nakala ya mkataba kwa Kiswahili, na muulize endapo nakala mbili zikitofautiana ni ipi itakayofuatwa. Ulizeni kama kila mdhamini anaweza kuandikiwa kiwango cha mwisho anachobeba, mbele ya jina lake. Mkijibiwa ndiyo, kiandikwe kabla ya sahihi, msikubali ahadi ya mdomo. Halafu mtafuteni mwanasheria au msaidizi wa kisheria aupitie wote, maana mimi nimekueleza neno moja tu na mkataba una kurasa.

Ukiweza piga picha ukurasa huo, ufiche majina na kiasi, uniletee hapa. Nitakuchapia Kiswahili chake chote bure, uwasomee wenzako Jumapili.

#12 mama_uvinza

Asante sana kaka. Wenzangu wanajua ni kukumbushwa tu. Nawapigia sasa hivi.